Schengen Ni Kijiji cha Waini: Rada Yote ya Kupiga Safari ya Baiskeli Mtoni Mosel

Mtajie msee yeyote wa Kanairo neno Schengen uone uso ukibadilika. Kichwani inakuja foleni, stetimenti za benki, barua ya mwajiri na ile karatasi ya kukwambia umepigwa chini. Lakini Schengen ni mahali. Ni kijiji kidogo cha wakulima wa zabibu upande wa Luxembourg, kando ya mto Mosel, pale Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani zinapogusana. Juni 14, 1985, wawakilishi wa nchi tano walikutana hapo ndani ya meli ya watalii iliyoitwa Princesse Marie-Astrid, wakasaini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani. Leo nchi ziko 29, na jina la kijiji cha waini ndilo linakunyima usingizi wiki mbili ukingoja pasi irudi.

Visa tutairudia, msijali. Kwanza mto wenyewe, juu hapo ndipo kuna moja ya safari za baiskeli rahisi zaidi Ulaya, na wasee wengi wa huku wanadhani safari kama hiyo ni ya wanariadha ama ya matajiri. Si lazima uwe yeyote kati ya hao.

Mosel unaanzia milima ya Vosges huko Ufaransa, unapita mpaka wa Luxembourg, unaingia Ujerumani na kumwaga maji yake kwa mto Rhine pale Koblenz. Urefu wote unapita kilomita 540. Sehemu tunayoongelea ni kutoka mji wa Trier hadi Koblenz, karibu kilomita 200 za njia ya baiskeli inayoitwa Mosel-Radweg. Radweg ni Kijerumani cha njia ya baiskeli, kwa hivyo ukiona hilo neno kwa kibao, fuata tu.

Ukiangalia ramani, Trier na Koblenz haziko mbali hivyo. Ndege angezimaliza kwa nusu ya hizo kilomita. Shida, ama raha, ni kwamba Mosel haujui kunyooka. Unajikunja kama nyoka aliyekanyagwa, unazunguka kilima, unarudi karibu na pale ulipotoka, kisha unaanza tena. Na hizo kona ndizo zinaeleza kila kitu: kwa nini kuna waini, na kwa nini baiskeli ni rahisi.

Iko hivi. Mto ukipinda, maji ya upande wa nje wa kona yanaenda kasi na kula ukingo, mwamba unabaki mwinuko mkali. Upande wa ndani maji yanapunguza mwendo, yanaacha mchanga na udongo, ardhi inakuwa tambarare. Miaka mingi sana ya hiyo kazi imeacha bonde lenye ukuta upande mmoja na uwanja upande mwingine. Zabibu zikaenda ukutani. Vijiji, reli, barabara na baadaye njia ya baiskeli vikabaki chini, kando ya maji.

Kutoka Trier hadi Koblenz mto unashuka chini ya mita 100 kwa jumla. Ukitoka Ngong hadi Tao unashuka zaidi ya hapo kwa safari moja ya asubuhi. Kwa hivyo sahau nguo za kubana na gia 24. Utapitwa na wazee wa rika ya guka yako wakiwa na kikapu mbele na kofia ya jua, na hawatakuwa wanahema. Ile Black Mamba ya ocha inayobeba magunia mawili ya makaa ingemaliza hii njia bila kulalamika.

Maji pia yametulia. Mwaka wa 1956 Ufaransa, Ujerumani Magharibi na Luxembourg zilikubaliana kuugeuza mto uwe njia ya meli za mizigo, na kazi ikafunguliwa rasmi 1964. Ndiyo maana kila baada ya masafa utaona bwawa na lango la kupandisha na kushusha meli. Kati ya hayo malango mto unaonekana kama ziwa refu lililolala. Usidanganyike na hiyo sura: mvua ikizidi au theluji ikiyeyuka, Mosel unapanda hadi barabarani. Kwa kuta za nyumba za zamani kuna mistari na tarehe za mafuriko, na mingine iko juu ya kichwa cha mtu mzima. Ya Desemba 1993 bado inaongelewa.

Zabibu kwa ukuta

Hapa ni kaskazini sana kwa zabibu, karibu latitudo ya 50. Kwa haki ya Mungu, baridi ingepaswa kuziua. Zinachoponea ni mawe. Mlima ni wa sleti, lile jiwe bapa la kijivu ambalo zamani watoto wa shule waliandikia. Sleti inakunywa jua mchana kutwa na usiku inaachilia joto polepole chini ya miguu ya mizabibu, kama jiko la makaa lililofunikwa jivu. Mto nao unarudisha mwangaza juu na kupunguza makali ya baridi. Mteremko ukielekea kusini, jua linaugonga moja kwa moja. Ndiyo maana shamba zuri na shamba la kawaida yanaweza kuwa mita mia mbili tu kutoka kwa jingine, yote yakitegemea kona imegeukia wapi.

Zabibu yenyewe ni Riesling, nyeupe, na ndiyo imeshika zaidi ya nusu ya mashamba ya Mosel. Waini yake ni nyepesi. Ile inayoandikwa Kabinett inaweza kuwa na kilevi cha asilimia 8 au 9 tu, wakati waini nyingi za supamaketi zetu ziko 13 kwenda juu. Ina ukali wa ndimu, halafu utamu kidogo wa kuusawazisha. Ikikaa chupani miaka mingi inaanza kunuka kitu kama mafuta taa, na hapo mashabiki wake ndipo wanaanza kusifia. Usirudishe chupa ukidhani umechezwa.

Kwa menyu, maneno matatu yanatosha. Trocken ni isiyo na sukari. Feinherb ni ya katikati. Lieblich ni tamu. Kama ndio unaanza, chukua feinherb, mengine utajijazia.

Sasa ukiwa chini umeshika baiskeli, inua macho. Karibu na kijiji cha Bremm kuna mlima unaitwa Calmont, moja ya mashamba ya zabibu yenye mwinuko mkali zaidi duniani, sehemu zingine zikifika digrii 65. Hiyo si shamba, ni ngazi bila ngazi. Trekta haliwezi. Wakulima wamefunga reli moja nyembamba yenye meno, na kigari kidogo kinapanda juu yake kikibeba mtu, dawa ya kunyunyiza au kreti za zabibu. Kila kitu kingine ni mikono: kupogoa, kufunga matawi, kuvuna. Mavuno yakifika, wengi wanaoning'inia hapo juu ni vibarua wa msimu kutoka Poland na Romania.

Na hapo ndipo kuna ngori. Hekta moja ya mteremko inakula saa za kazi mara kadhaa ya hekta ya tambarare, lakini dukani chupa zote mbili zinasimama rafu moja. Watoto wa wakulima wanaangalia hiyo hesabu na kuhamia mjini, kama tu vijana wa huku wanavyohepa majani chai. Kuna wakati sehemu kubwa ya Calmont iliachwa ikamea vichaka kabla ya wakulima wengine kuirudia. Ukipita leo, katikati ya mistari ya kijani utaona mapengo ya majani marefu na kuta za mawe zilizobomoka. Kila pengo ni familia iliyosema imetosha.

Si stori mpya. Trier ndipo alipozaliwa Karl Marx, 1818. Januari 1843, akiwa mhariri kijana wa gazeti la Rheinische Zeitung, aliandika kuhusu wakulima wa zabibu wa Mosel waliokuwa wakizama kwa umaskini huku serikali ya Prussia ikijifanya haioni. Gazeti lilifungiwa miezi michache baadaye. Mwenyewe alikuja kusema kwamba mambo kama hayo ndiyo yalimsukuma kuanza kusoma uchumi. Kwa hivyo yule mzee wa ndevu unayemjua kutoka kwa notisi za chuo, sehemu ya hasira yake ilianzia kwa bei ya waini. Siku hizi ana sanamu kubwa Trier iliyotolewa na China mwaka wa 2018, na kuna taa za barabarani pale mjini zenye umbo lake la kijani na jekundu. Angecheka ama angelia, sijui.

Hapo ndipo mtu wa baiskeli anaingia kwa hesabu. Mkulima akiuza waini kwa kampuni kubwa anapata senti. Akiuza glasi na chupa mlangoni kwake, hela yote inabaki kwake. Msee wa gari anapita na kilomita 80 kwa saa. Msee wa baiskeli ana njaa, ana kiu, na yuko mbele ya geti lako akiuliza kama kuna kiti.

Mama pima halali

Geti lenyewe linaitwa Straußwirtschaft. Usijaribu kulitamka ukiwa umekunywa. Ni hivi: sheria inamruhusu mkulima wa zabibu kufungua kibanda cha waini nyumbani kwake bila leseni ya baa, mradi asizidi miezi minne kwa mwaka, viti visizidi 40, auze waini yake mwenyewe na dishi rahisi. Akifungua, anatundika tawi au ufagio nje. Ufagio ukiwa juu, ingia.

Kwa msee wa mtaani hiyo ni mama pima kabisa, tofauti ni kwamba karao akija anakaa meza ya pili na kuagiza. Unapata mkate, jibini, soseji, na pengine viazi. Mwenye kukuhudumia ndiye aliyevuna. Ukimuuliza shamba lake liko wapi, ataonyesha kidole juu ya kichwa chako.

Ukifika Septemba au Oktoba kuna kitu kinaitwa Federweißer. Ni maji ya zabibu ambayo bado yanachachuka, yana ukungu, matamu, na chupa haifungwi kabisa juu ikifungwa inalipuka. Watu wa Pwani wanaojua mnazi wa asubuhi na mnazi wa jioni wataelewa haraka: inabadilika kila saa, na inashuka kama juisi mpaka usimame. Inaliwa na keki ya vitunguu. Kama hunywi kilevi, hujaachwa nje. Kila mkulima ana juisi ya zabibu, na kuna pichi nyekundu za mashambani humo zinazotengenezwa jemu.

Na kabla ujiachilie, jua sheria. Ujerumani, ukikamatwa kwa baiskeli ukiwa na kilevi cha 1.6 kwa elfu damuni, hiyo ni kesi ya jinai, hata kama ulikuwa unaendesha umenyooka. Na kuanzia 0.3, ukiyumba au ukisababisha ajali, wanaweza kukushtaki pia. Wasee wanaodhani alcoblow ni ya magari tu, hapo wanaenda na maji. Wenyeji wanafanya hivi: mchana glasi moja, pedali, halafu kunywa kwa ukweli ni jioni baiskeli ikiwa imefungwa na kitanda kiko hatua hamsini.

Siku tano, bila haraka

Kilomita 40 kwa siku zinatosha. Hiyo ni saa tatu za kupiga pedali, siku nzima inabaki ya kukaa.

Trier anza na Porta Nigra, lango jeusi la mawe lililojengwa na Warumi karibu mwaka wa 170 na bado limesimama. Warumi ndio walieneza kilimo cha zabibu hapa, na ushahidi uko njiani: Neumagen walichimbua jiwe la kaburi la karne ya 3 lililochongwa kama mashua ya wapiga makasia iliyopakia mapipa. Piesport, kona chache mbele, walifukua kiwanda cha Kirumi cha kukamua zabibu kikiwa chini ya mashamba yaleyale yanayovunwa leo.

Bernkastel-Kues ndipo watalii wanajaa, na kusema ukweli katikati ya mji pamezidi picha. Vuka daraja uende upande wa Kues. Hapo alizaliwa Nikolaus wa Kues, kardinali na mwanafalsafa, mwaka wa 1401. Mwaka wa 1458 alianzisha makao ya wazee maskini 33, gharama zilipwe na mashamba ya zabibu. Hadi leo wazee wanaishi humo na waini yao bado inauzwa. Zaidi ya miaka 560, na hakuna mtu amekula hiyo pesa ikaisha. Linganisha na unachojua.

Kutoka hapa kwenda mbele, vipande vya njia vinapita juu ya reli ya zamani ya Moselbahn, treni ndogo iliyosimama kila kijiji cha waini mpaka wenyeji wakaibandika jina la utani linalomaanisha katreni ka walevi. Ilifungwa miaka ya 1960. Traben-Trarbach pita uone magodauni ya waini yaliyochimbwa chini ya mji mzima. Zell nao wana paka mweusi kwa kila lebo. Stori yao ni kwamba mwaka wa 1863 wafanyabiashara walishindwa kuchagua pipa, paka akarukia moja na kuwatolea makucha kila aliyesogea, wakalinunua hilo. Iwe kweli ama kamba, imewauzia chupa kwa zaidi ya karne.

Kisha Bremm na ule ukuta wa Calmont, kisha Cochem na kasri lake juu ya kilima. Hilo kasri usipigwe: Wafaransa walililipua 1689, na unaloona lilijengwa upya miaka ya 1870 na tajiri wa Berlin aliyetaka pa kupumzikia. Kama unataka ya ukweli, shuka hadi Moselkern, acha baiskeli, tembea msituni hadi Burg Eltz, ambalo halijawahi kubomolewa na bado ni la familia ileile.

Kuhusu kulala, hosteli za vijana ziko Trier, Bernkastel-Kues, Traben-Trarbach, Cochem na Koblenz, na kambi za hema ziko kila mahali kando ya maji. Wakulima wengi pia wanakodisha vyumba. Miezi mizuri ni Mei hadi mwanzo wa Oktoba. Novemba ukienda utapata milango imefungwa na ukungu.

Sasa ile karatasi

Kwa mwenye pasi ya Kenya, visa ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya afya lazima ifunike angalau euro 30,000. Unaombea kwa nchi utakayolala usiku mwingi, kwa hivyo hapa ni Ujerumani. Unaweza kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15.

Lakini kuna kitu hakisemwi kwa brosha. Uzuri wa hii safari kwa Mzungu ni kwamba jioni akichoka anasimama popote kuna ufagio nje na kuuliza chumba. Wewe unatakiwa uonyeshe mahali pa kulala kwa safari yote kabla hata hujapanda ndege. Uhuru wa kuzurura umewekewa fomu. Dawa yake ni kupanga vituo vitano, kubuku vyumba vinavyoweza kufutwa bila faini, na kuandika ratiba ya safari kwa ukurasa mmoja, kila siku mji gani na kilomita ngapi. Afisa anataka kuona unajua unaenda wapi na una sababu ya kurudi.

Wanaopata hii kitu kwa bei ya chini kabisa ni Wakenya ambao tayari wako Ujerumani: wanafunzi, manesi, walio kwa Ausbildung, na wanaoendelea kuingia tangu Nairobi na Berlin zisaini makubaliano ya kazi Septemba 2024. Kama ni wewe, tiketi ya Deutschlandticket ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026 na inakufikisha Trier kwa treni zote za mkoa. Ni usajili, ukisahau kuufuta unaendelea kukatwa. Baiskeli haimo kwa hiyo tiketi, lakini kwa mkoa huu wa Rheinland-Pfalz kwa kawaida inabebwa bure kwa treni za mkoa kuanzia saa tatu asubuhi siku za kazi, na siku nzima wikendi.

Mwisho wa njia ni Koblenz, kwa ncha ya ardhi inayoitwa Deutsches Eck, chini ya sanamu ya Kaiser Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi. Maji ya Mosel yanaingia Rhine hapo mbele yako. Treni ya kurudi Trier inachukua karibu saa moja na nusu. Ikitoka Cochem inazama kwa handaki la kilomita 4 lililochimbwa miaka ya 1870, na kabla umalize kutafuta chaja inatokea Eller. Kwa baiskeli, ile kona ilikuwa karibu kilomita 20.